Kabla ya Kununua Amplifaya Nyingine: Kuboresha Muziki wa Sebuleni Hatua kwa Hatua

Mtu anapochoshwa na sauti ya muziki wa sebuleni kwake, jambo la kwanza linalomjia ni kununua amplifaya kubwa zaidi. Nami nilianzia hapo. Baada ya miaka mingi ya kununua, kuuza na kutengeneza vyombo vya muziki hapa Dar es Salaam, msimamo wangu ni kwamba mpangilio wa hatua ndio unaookoa fedha: anza na chumba, fuata spika, kisha amplifaya, kisha chanzo cha muziki, na kila hatua uipe wiki mbili za kusikiliza kabla ya kuingia nyingine. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo hatajua ni kipi kilichomletea nafuu na ni kipi kilichomharibia.

Ili masikio yawe na kipimo, chagua nyimbo tano au sita unazozijua mwanzo hadi mwisho, na usizibadilishe kwa muda wote wa kazi hii. Mmoja uwe na sauti ya mwimbaji iliyo karibu na iliyo wazi. Mwingine uwe wa dansi, wenye gitaa la besi, tumba na tarumbeta. Mwingine uwe wa taarabu yenye kanuni, udi na fidla kadhaa. Kwenye dansi, lifuatilie gitaa la besi ujue kama kila noti ina mwanzo na mwisho wake, au kama besi yote imekuwa mvumo mmoja unaojaza chumba. Kwenye taarabu, jaribu kuitenga kanuni na udi, kwa sababu ala zote mbili hulia kwa nyuzi zinazocharazwa, na katika mtambo mbovu hugeuka kuwa kitu kimoja. Unachokisikia kiandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Sauti nayo ipange iwe ya kimo kilekile kila unapolinganisha, maana sikio hudanganyika: kinacholia kwa nguvu zaidi, hata kwa kiasi kidogo tu, huonekana ni bora zaidi. Programu ya simu ya kupima desibeli si sahihi sana, lakini inatosha kwa kulinganisha ikiwa simu itawekwa mahali palepale kila mara.

Rekodi za kale zichaguliwe kwa kuelewa zilivyo. Zile alizofanya Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928 ziliingia kwenye santuri za enzi hizo, ambazo hazikuweza kubeba besi nzito wala sauti nyembamba za juu kabisa. Usizipime spika zako kwa besi ya rekodi hizo. Zipime kwa namna zinavyoifikisha sauti ya mwimbaji bila kuifanya ikwaruze.

Sasa tuingie chumbani. Spika ileile ikihamishwa kutoka sebule yenye vigae hadi chumba chenye kitanda na nguo nyingi hulia kama spika nyingine kabisa. Sebule nyingi za mijini kwetu zina sakafu ya vigae, kuta za matofali ya saruji zilizopigwa lipu, madirisha mapana ya vioo na dari ya jipsamu, na vyote hivyo huirudisha sauti badala ya kuimeza. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kavu. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, ujue ndio huohuo unaoongezwa kwenye kila wimbo unaoupiga, na hakuna amplifaya itakayouondoa. Zulia nene lililotandikwa kati ya spika na kiti chako, mapazia mazito yanayofunika vioo, na kabati la vitabu kwenye ukuta ulio nyuma yako vitapunguza sehemu kubwa ya mlio huo. Mkeka mtupu husaidia kidogo sana kwa sababu ni mwembamba.

Wapo wanaobandika trei za mayai ukutani, na ninawasihi waache. Trei hizo hunyonya kiasi kidogo cha sauti za juu, hazifanyi lolote kwenye besi, na zikishika moto huwaka kwa kasi ya kutisha. Kinachofaa ni kumwomba fundi seremala akutengenezee fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, upana wa sentimita 60 na urefu wa mita moja na ushee, uzijaze taulo kuukuu au pamba iliyochambuliwa, kisha uzivike kitambaa. Kitambaa kipime kwa mdomo: kiweke midomoni na upulize, hewa ikipita bila shida, sauti nayo itapita na kumezwa na kilichomo ndani. Kanga nyingi hufaulu mtihani huu, ilhali vitambaa vya plastiki vya kufunikia viti hufeli. Fremu mbili za kwanza ziweke kwenye kuta za ubavuni, mahali ambapo mtu akiushikilia ukutani kioo cha kujitazamia, wewe uliyekaa kitini unaiona spika ndani yake. Ziwe mbali na jiko, mishumaa na soketi zinazopata moto.

Baada ya hapo panga spika, na kazi hii haina gharama yoyote. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande zinazolingana au zinazokaribiana: ikiwa kati ya spika na spika kuna mita mbili, nawe ukae umbali wa mita mbili au zaidi kidogo kutoka kwa kila moja. Twita, yaani ile spika ndogo ya sauti za juu, iwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, ambao kwa viti vingi ni kati ya sentimita 90 na mita moja kutoka sakafuni. Spika iliyobanwa kwenye kona huongeza besi, lakini huongeza besi isiyo na umbo, ile inayofanya chupa kabatini zitetemeke huku noti hazisikiki. Ivute kutoka ukutani sentimita 10 kwa wakati, weka alama ya selotepu ya karatasi sakafuni kila unapoihamisha, na rudia wimbo uleule wa dansi. Kwangu mimi tofauti ilijitokeza spika zilipofika sentimita 45 kutoka ukutani; kwako itakuwa namba nyingine. Stendi si lazima zitoke dukani: fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukutengenezea miguu ya bomba la pembe nne yenye urefu wa sentimita 60, ukaijaza mchanga mkavu uliochekechwa ili isivume, ukaweka vipande vya raba juu yake.

Mpaka hapa hujanunua chombo chochote cha umeme. Kabla ya kununua, kagua ulichonacho. Spika nyingi za mtumba zinazofika kwetu zina mkanda wa sponji unaozunguka koni ya besi, na sponji hiyo huoza kwa umri na kwa unyevu hata kama spika haikutumika. Iguse polepole kwa ncha ya kidole. Ikimong'onyoka kama biskuti iliyolowa, basi besi unayoilaumu haikuwahi kupewa nafasi. Spika ya namna hiyo usiitupe. Nunua mikanda ya mpira yenye kipenyo kinacholingana na koni yako, ukipima kwa rula kipenyo cha koni na kipenyo cha fremu ya chuma, kwa kuwa tofauti ya milimita chache huikataa kazi nzima. Ondoa masalia ya sponji kwa kisu butu, futa gundi ya zamani kwa spiriti na kitambaa, na uwe mpole sana kwenye koni ya karatasi. Gundisha mkanda kwenye koni kwanza, uache ukauke. Kisha paka gundi kwenye fremu na, kabla haijashika, isukume koni kwa vidole vinne vilivyopangwa sawasawa kuizunguka, juu na chini, huku sikio likiwa karibu. Ukisikia mkwaruzo, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, inagusa sumaku. Isogeze koni kidogo sana hadi mkwaruzo utoweke, uishikilie hapo, halafu uiache saa 24 bila kuijaribu. Mara ya kwanza sikuwa na subira hiyo. Niliwasha muziki jioni ileile, koni ikahama, na ikanibidi niibandue na kuanza upya.

Spika zikiwa wazi hivyo, zijaribu kwa betri ndogo ya volti 1.5. Gusisha upande wa chanya wa betri kwenye terminali nyekundu na upande wa hasi kwenye nyeusi kwa nukta moja tu: koni ya besi inapaswa kuruka mbele. Fanya hivyo kwa spika zote mbili, tena uanzie kwenye ncha za waya zinazoingia kwenye amplifaya ili waya nazo zikaguliwe. Ikiwa moja inakwenda mbele na nyingine inarudi nyuma, spika zako zinavutana, besi inajifuta yenyewe hewani, na sauti ya mwimbaji haikai katikati. Nimeingia kwenye nyumba ambamo mtambo ulifungwa hivyo kwa miaka, na mwenye nyumba alikuwa tayari ameweka akiba ya kununua spika mpya.

Ikiwa ni lazima kununua, spika ndizo zinazostahili sehemu kubwa ya bajeti, angalau nusu. Wengi wetu tumeanza na zile redio za sabufa zenye boksi moja kubwa na spika ndogo mbili, tulizozinunua kwa kutazama namba kubwa za wati zilizoandikwa kwenye kasha. Geuza chombo hicho nyuma usome kibandiko cha umeme: chombo kinachovuta wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 5,000 kwenye spika. Namba ya PMPO ni ya biashara tu. Namba ya kusoma ni ya RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Muhimu kuliko zote ni namba ambayo wauzaji hawaitaji, ya wepesi wa spika kuitikia, inayopimwa kwa desibeli kwa wati moja, umbali wa mita moja. Kila ongezeko la desibeli 3 hulingana na kuzidisha wati mara mbili, kwa hiyo amplifaya ya wati 25 kwenye spika ya desibeli 92 hufika kimo kilekile kinachofikiwa na amplifaya ya wati 100 kwenye spika ya desibeli 86. Kwa maneno mengine, aliyechagua spika nyepesi amejiepusha na gharama ya amplifaya kubwa. Soma pia omu zake, yaani kiasi ambacho spika inauzuia umeme: amplifaya iliyoandikwa kwamba inahitaji omu 8 au zaidi usiifungie spika za omu 4, kwa sababu itavuta mkondo mkubwa hadi ichemke na kuungua.

Spika za mtumba zenye maboksi ya mbao zilizosagwa zikaguliwe upande wa chini, ambako maji ya kudeki huingia na kuvimbisha mbao. Nenda dukani na nyimbo zako mwenyewe, na usikubali kujaribiwa kwa wimbo wa muuzaji, uliochaguliwa kwa sababu unaifichia spika udhaifu wake.

Kuhusu amplifaya, za mtumba kutoka Japani ni nzuri kwa bei yake, lakini zina hatari moja ambayo lazima niieleze kwa urefu. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wa kwetu ni 230. Amplifaya ya kwanza niliyoinunua ilikuwa na kibandiko cha bei juu ya maandishi ya volti, na muuzaji alinihakikishia kwamba imeshabadilishwa. Nilipoichomeka, harufu ya vanishi iliyoungua ilijaa sebuleni kabla sijafika kwenye swichi. Fundi alipoifungua alinionyesha kilichosababisha: fyuzi ilikuwa imezungushiwa kipande cha waya, hivyo badala ya fyuzi kukatika, transfoma ndiyo iliyoungua. Tangu siku hiyo sinunui amplifaya kabla sijasoma nyuma yake kwa macho yangu na kuitazama fyuzi. Ikiwa imeandikwa AC 100V na haina swichi ya kuchagua volti, utahitaji transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 100, yenye uwezo unaozidi kwa mbali wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kwa amplifaya inayovuta wati 180, tafuta transfoma ya wati 300 hadi 500. Za kutoka Marekani ni za volti 120, nazo zina transfoma yake.

Amplifaya iliyokaa stoo kwa miaka iwashwe mara ya kwanza na fundi, kupitia balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile yenye waya ndani na si ya LED, iliyoungwa kwa mfuatano kwenye njia ya umeme. Balbu ikiwaka mara moja na kufifia, hali ni njema. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti ndani na hakuna kilichoungua zaidi. Kabla ya kufunga spika, pima kwa multimita volti za DC, yaani za umeme usiobadili mwelekeo, kwenye terminali za spika zilizo nyuma ya amplifaya. Zikiwa chini ya milivolti 50, endelea. Zikizidi 100, mrudishie fundi, kwa kuwa umeme huo utachemsha koili za spika zako. Kelele za kukwaruza unapozungusha kitufe cha sauti si ugonjwa mkubwa: ni vumbi na kutu, na dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti huzimaliza. Kapasita, yaani vile vikopo vinavyohifadhi umeme ndani ya chombo, zikivimba zibadilishwe. Usifungue mfuniko wewe mwenyewe ukidhani kwamba kuchomoa plagi kunatosha, kwa sababu kapasita kubwa hushikilia umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Msomaji atauliza wati ngapi zinatosha. Kwa sebule ya kawaida na spika za desibeli 88 au zaidi, wati 30 hadi 50 za kweli ni nyingi. Twita nyingi zinazoungua huuawa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa kupita uwezo wake hadi mawimbi yakakatika vichwa, kwa hiyo sauti ikianza kukwaruza, ipunguze papo hapo. Amplifaya iachiwe hewa ya sentimita 10 juu yake na isifungiwe kwenye kabati la kioo. Weka TV guard kati yake na soketi, ili umeme unaporudi baada ya kukatika usubirishwe dakika chache kabla ya kufika kwenye chombo. Wanaoishi karibu na bahari wachomoe na kusafisha plagi za sauti kwa spiriti kila baada ya miezi michache, kwani hewa ya chumvi huzitia kutu na chaneli moja huanza kupotea.

Chanzo cha muziki nimekiweka nyuma kwa sababu ubora wake hausikiki mpaka spika na chumba vimekaa sawa. Hapo ndipo utagundua kwamba faili nyingi ulizokusanya kwenye flashi zimebanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, na matoazi yake yanasikika kama mchanga unaomwagwa. Kuzigeuza kuwa FLAC, aina ya faili isiyotupa sehemu yoyote ya sauti, hakurudishi kilichokwisha kutupwa. Inabidi upate nakala nyingine, na CD halisi, hata ya mtumba, ni chanzo kizuri, kwa kuwa hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde zenye biti 16 bila kuzibana. Bluetooth inafaa kwa kusikiliza huku ukifanya kazi nyingine. Kwa kusikiliza kwa makini, tumia waya kutoka kwenye kompyuta au simu hadi kwenye DAC ndogo, yaani kifaa kinachozigeuza tarakimu za faili kuwa umeme wa sauti, halafu uingie kwenye amplifaya. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma baada ya kuunganisha kompyuta, ichomoe chaji yake. Mvumo ukikatika, tatizo ni njia ya ethi, na kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja mara nyingi hulimaliza.

Mwenye santuri ana kazi ya ziada. Sauti inayotoka kwenye sindano ni ya milivolti chache tu, dhidi ya takribani volti mbili za CD, na inahitaji tundu la PHONO au kikuzio chake. Sindano iliyochakaa huchimba mifereji ya santuri na uharibifu huo haurudi nyuma, kwa hiyo ibadilishe kabla ya kununua santuri nyingine hata moja. Santuri za kale za mizunguko 78 kwa dakika zina sindano yake, pana zaidi.

Kuhusu waya sitasema mengi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa umbali wowote wa sebuleni. Ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa: ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Fedha unayoombwa kwa waya wa bei ya ajabu ipeleke kwenye zulia.

Hatua ya mwisho, kwa anayeitaka, ni sabufa ya pekee yenye amplifaya yake, inayobeba besi ya chini ambayo spika ndogo haziifikii. Mahali pake hupatikana kwa njia inayoshangaza wageni: iweke sabufa pale unapokaa wewe, piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, kisha tambaa kwa magoti kando ya kuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Kuna mahali besi itavimba, kuna mahali itapotea, na kuna mahali kila noti itasikika kwa kimo sawa na mwenzake. Hapo ndipo uihamishie. Kitufe cha kukatia masafa kiweke karibu na hezi 80, swichi ya fezi, inayogeuza mwendo wa koni uende mbele au nyuma, uijaribu pande zote mbili na kuiacha upande wenye besi iliyojaa zaidi, kisha uipandishe sauti polepole kutoka sifuri na kusimama mara tu unapoanza kuhisi kwamba ipo. Ishushe kidogo kutoka hapo, ukimfikiria pia jirani mnayechangia ukuta. Uisikilize hivyo kwa juma zima, halafu siku moja, wimbo ukiwa katikati, umwombe mtu aizime bila kukuambia. Ukihisi chumba kimepungua ukubwa, lakini ukashindwa kuonyesha kwa kidole kilichoondoka kilikuwa kinatokea wapi, usikiguse tena kitufe chake.